Mji Mkongwe wa Unguja: paa kwanza, rangi mwisho

Ukitaka kujua nyumba ya Mji Mkongwe imebakiza umri gani, usisimame mbele ya mlango wake wa nakshi. Panda juu ukaangalie gata, yaani mfereji unaokusanya maji ya paa. Likiwa limejaa majani, au mabati yamepinda na maji yanamwagikia kichwani mwa ukuta, nyumba hiyo imo hatarini hata kama jana tu imepakwa rangi nyeupe.

Nasema hivi kwa sababu fedha za kuufufua mji huu huvutwa sana na vitu vinavyoonekana: sura ya nyumba, taa za mtaani, mawe mapya ya kukanyagia. Nyumba zenyewe zinauawa na maji. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, unene wake kwa kawaida sentimita 50 hadi 60, mara nyingine zaidi. Ukuta huo ukikaa mkavu hubeba ghorofa mbili tatu kwa karne nzima bila tabu. Ukilowa kutoka juu, udongo wa katikati hulainika na kushuka, mawe ya ndani na ya nje huachana, na ukuta huanza kutoa tumbo. Tumbo hilo halionekani kwa macho mpaka limekuwa kubwa, kwa hiyo teremsha timazi, uzi wenye kizito mwishoni, kutoka ghorofa ya juu na upime umbali wa uzi kutoka ukutani kila baada ya nusu mita. Andika vipimo na tarehe, urudie baada ya masika. Kinachoamua ni tofauti kati ya vipimo viwili. Kipimo kimoja peke yake hakikuambii kama ukuta unatembea au uliinama zamani ukatulia.

Baada ya ukuta, boriti. Vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, upana kama mita 3 hivi, kwa kuwa ndio urefu ambao boriti ya mkoko inaweza kuvuka. Katikati boriti huwa nzima. Inayooza ni ncha iliyozikwa ukutani, kwani unyevu ukishaingia kwenye tundu lile hauna pa kutokea. Kwa hiyo kugonga boriti katikati na kusikia mlio mzuri hakutoshi. Chukua bisibisi uichome pale inapoingia ukutani, juu na chini. Ikizama kama kwenye mkate, boriti hiyo haibebi kitu tena. Ukiweka mpya, tundu liwe kubwa kidogo kuliko boriti, ncha ilale juu ya jiwe bapa au kipande cha mbao ngumu, na ubakishe nafasi ya hewa pembeni. Mafundi wengi hulijaza tundu kwa simenti wakidhani wanaimarisha, kumbe wamelifanya kuwa bakuli la maji.

Sasa gata lenyewe. Mapaa mengi ya zamani yalikuwa ya bapa, ya chokaa, kisha yakafunikwa kwa mabati. Pale mteremko wa nyumba moja unapokutana na wa jirani juu ya ukuta wa pamoja, kuna gata la kati ambalo kila mmoja anaona ni la mwenzake. Hapo ndipo uharibifu mwingi unapoanzia. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50 kwa saa humwaga lita 5,000 katika saa hiyo moja. Kwa bomba la kushusha maji nahesabu sentimita moja ya mraba ya tundu kwa kila mita ya mraba ya paa, kisha naongeza nusu kwa ajili ya masika. Bomba la milimita 100 kwa hesabu hiyo linatosha mita za mraba 50 tu, kwa hiyo paa hilo linahitaji mabomba mawili, na gata lenye mteremko wa angalau sentimita moja kwa kila mita. Weka pia tundu la dharura lenye mlizamu, mdomo wa kumwagia maji, unaotoka nje kabisa ya ukuta: bomba likiziba, maji yamwagike barabarani watu wayaone, kuliko kuingia ukutani kimya kimya.

Kwa sababu hiyo sikubali mpango unaoshughulikia nyumba moja moja. Nyumba za hapa zinaegemeana. Moja ikiwa gofu, ukuta wa jirani uliojengwa uwe wa ndani unageuka wa nje, hauna lipu wala paa, na masika mawili matatu yanatosha kuuharibu. Kipimo cha kazi kiwe kitalu kizima, kuanzia uchochoro mmoja hadi mwingine: paa zote kwa pamoja, kisha miundo, kisha mabomba na nyaya, na sura za nje mwisho.

Ugumu wa kitalu ni wenye nyumba. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali, nyingine ni za wakfu, na nyingine ni za urithi usiogawanywa, warithi wakiwa Unguja, Dar es Salaam, Muscat na London. Ndani wanakaa wapangaji, familia kadhaa kwenye nyumba iliyojengwa kwa familia moja. Anayekaa ghorofa ya chini haoni kwa nini achangie paa, na kodi ni ndogo kuliko bei ya bati. Kabla ya mhandisi kuchora mstari wowote, tengenezeni orodha ya kila nyumba: nani mmiliki, nani msimamizi, nani anakaa chumba kipi, nani ana haki ya kutia saini. Kazi hii ni ya miezi, na inafaa ilipiwe kama kazi. Miradi inayoiruka hukwama jukwaa la mafundi likiwa limeshafungwa na mvua iko njiani.

Kisheria mji una mlinzi wake. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe iliundwa 1985, mpango wa uhifadhi ulioandaliwa pamoja na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan ukakamilika 1994, na UNESCO ikauingiza mji kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kibali kinahitajika hata kwa kubadilisha dirisha. Naunga mkono ukali huo, ila ningependa kibali cha kuziba paa linalovuja kitoke kwa siku chache na cha kuongeza ghorofa kichukue muda wake. Vikisimama foleni moja, mwenye paa bovu anakata tamaa, naye anatengeneza usiku kwa simenti.

Na simenti ndiyo kosa ninalolipigia kelele zaidi. Ukuta wa matumbawe hupumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hutoka kupitia lipu ya chokaa. Ukiupiga lipu ya simenti unyevu unazibwa, unapanda juu zaidi, na chumvi inaganda nyuma ya lipu hadi inaibandua pamoja na uso wa jiwe. Tumia chokaa iliyozimwa na kulala shimoni ikiwa imefunikwa na maji kwa wiki kadhaa, miezi ni bora, kwa sababu punje ambazo hazijazimika zitavimba baadaye ndani ya lipu. Kipimo ni ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga mkali uliooshwa. Mchanga wa pwani usiooshwa unaleta chumvi ileile unayoikimbia. Lowesha ukuta kwanza, piga tabaka zisizozidi sentimita moja hivi, acha kila tabaka ishike, halafu funika kwa magunia mabichi kwa wiki nzima. Jua la Januari likiikausha lipu kwa siku moja, inakuwa unga.

Uzito nao unasahauliwa. Sakafu ya chumba cha mita 3 kwa 6 ikiongezewa zege la sentimita 5 ili vigae vikae sawa, umeweka zaidi ya tani 2 juu ya boriti zilezile. Tangi la lita 1,000 za maji juu ya paa ni tani nyingine, tena mahali pamoja. Nyumba ikigeuzwa hoteli na kila chumba kikapewa bafu, unaongeza zege, tangi na mabomba yanayovuja ndani ya ukuta, yote kwa mkupuo. Sikatai hoteli, zimeokoa majengo kadhaa. Lakini kibali chake kiseme bafu zipangwe moja juu ya nyingine, mabomba yapite wazi mahali pa kukaguliwa, na tangi likae chini na pampu ndogo. Tena kitalu kisibaki hoteli tupu. Nyumba inayokaliwa na familia, uvujaji unagunduliwa siku ileile na mtu ambaye kitanda chake kimelowa.

Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu la hapa Mji Mkongwe, inapaswa kukaa mezani kwa kila anayepanga kazi hapa. Ilijengwa 1883 kwa Sultani Barghash, sehemu ya roshani zake ikaanguka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, kazi za ukarabati zikiendelea, upande mkubwa wa mbele pamoja na mnara wa saa uliporomoka na watu wawili wakafa. Jengo lililolowa kwa miaka mingi liko hatarini zaidi pale linapoguswa, maana sehemu mbovu nayo ilikuwa inabeba kitu.

Kwa hiyo egemezi hutangulia nyundo. Nguzo za muda ziteremke ghorofa hadi ghorofa, moja chini ya nyingine kwa mstari mmoja, hadi ardhini. Nguzo ikiishia kwenye sakafu ya kati, umehamisha mzigo kwenye boriti nyingine zilizochoka. Chini ya kila nguzo weka ubao mpana wa kutawanya uzito. Kaza kwa kabari mpaka iguse, usiisukume sakafu juu, kwani sakafu ya chokaa ikinyanyuliwa inapasuka. Toa boriti moja, weka nyingine, kisha ndipo uende kwenye inayofuata. Kila ufa uwe na alama mbili za penseli na tarehe, zipimwe kila asubuhi kabla mafundi hawajapanda. Umbali ukiongezeka hata milimita moja tangu jana, watu wote watoke, wapangaji wa nyumba ya jirani wakiwemo.