Ogopeni shwari, si dhoruba

Juzi nimeshusha abiria Bandari ya Kale, na kabla hajatia mguu ngazini mmoja akaniuliza, "Nahodha, safari ndefu ya tanga, mtu huponea dhoruba ngapi?" Kila wiki swali ni hilo. Watu wameshikilia kwamba kinachoua baharini ni upepo mwingi. Nimechoka kulijibu gatini, nalijibu hapa.

Upepo mwingi una dawa. Unashusha foromali, boriti inayobeba tanga, unatweka tanga dogo, msukani anaongezewa mtu, wengine wanafua ngama, maji yaliyoingia chomboni, mnakwenda.

Shwari haina dawa. Mwaka mmoja, tukitoka Lamu mwishoni mwa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, shwari ilitushika nje ya Ghuba ya Ungwana siku mbili. Upepo umekufa, mawimbi makubwa bado yapo, chombo kinalalia ubavu huu na huu, foromali inagonga mlingoti kama mtu anayetwanga. Jarari, kamba ya kupandishia foromali, niliyoikagua asubuhi, jioni ilikuwa imelika nusu. Tukashusha tanga lisipasuke. Siku ya pili nahodha wangu wa wakati ule aliketi juu ya mfuniko wa pipa la maji, akatupimia kwa kata mmoja mmoja, yeye akanywa wa mwisho. Hakuna aliyenena.

Hizo ni siku mbili. Vasco da Gama, nahodha Mreno, aliondoka Malindi 24 Aprili 1498, kusi, upepo wa kutoka kusini, ikiingia, na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi. Tarehe 20 Mei yuko Calicut, India. Kurudi hakungoja kaskazi. Aliiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, akakutana na shwari na pepo za mbele, na bahari ile ile ikamchukua karibu miezi mitatu. Watu kama 30 walikufa, si kwa dhoruba, kwa kiseyeye: fizi zinavimba mpaka zinafunika meno. Januari 1499 walifika Malindi, wakaletewa machungwa, lakini wengi walikuwa wameshachelewa. Jahazi lao moja, São Rafael, walilichoma moto kwa kukosa mabaharia wa kuliendesha.

Na kiseyeye si njaa, jamani! Unaweza kushiba mkate mkavu na nyama ya chumvi kila siku na bado kikakuua, maana vitamini C ya mwilini huisha ndani ya miezi michache. James Lind, tabibu wa meli Mwingereza, aliwapa wagonjwa malimau na machungwa mwaka 1747 wakapona. Jeshi la maji la Uingereza likaagiza maji ya limau kwa mabaharia wake 1795. Miaka 48!

Vitabu huchora misimu kwa tarehe. Mimi sijaona kaskazi mbili zilizoingia siku moja. Ile tanga mbili, katikati ya kusi na kaskazi, hata nahodha mzee hubahatisha, nami nimebahatisha vibaya zaidi ya mara moja. Ndiyo maana mpaka leo, hata nikienda Shimoni tu, napima maji ya kunywa kwanza, nahesabu ndimu, ndipo natazama mawingu.