Kuuzuia ulimi kwa hatamu: maana yake katika Yakobo, na namna ya kuwafundisha vijana

Usemi huu unatoka katika Waraka wa Yakobo, kwenye Agano Jipya, 1:26. Hapo Yakobo anasema kwamba mtu anayejiona ana dini, lakini hauzuii ulimi wake kwa hatamu, anajidanganya moyo wake, na dini yake haifai. Ni maneno mazito, na ndiyo maana viongozi wengi wa vijana huyageuza kuwa onyo jepesi la kutotukana. Yakobo anasema zaidi ya hapo. Kwake ulimi ndipo mahali imani inapopimwa na maombi yanapothibitika au kukanushwa. Kijana asipouona uhusiano huo, atatoka kipindini na orodha ya maneno mabaya, basi.

Hatamu haikusudiwi kumnyamazisha mtu. Katika 3:3-4 Yakobo anataja lijamu kinywani mwa farasi na usukani wa merikebu, vitu viwili vidogo vinavyoelekeza kitu kikubwa kinachoendelea kwenda. Waraka huohuo unamtaka Mkristo aseme: aombe, aimbe zaburi, amrejeze ndugu aliyepotea (5:13-20). Mwandishi mwenyewe anawakemea vikali matajiri wanaozuia ujira wa wavunaji (5:4). Kwa hiyo msichana mkimya asisifiwe kwamba ameshaushinda ulimi, wala somo lisielekezwe kwa wasichana kana kwamba umbea ni wao peke yao. Aya ya 3:2 inasema twajikwaa sisi sote.

Waraka wa Yakobo una sura 5 na aya 108. Unasomeka wote kwa sauti ndani ya nusu saa, na ni vizuri kiongozi ausome hivyo mara moja kabla ya kuandaa chochote. Baada ya hapo vipindi vinne vya saa moja vinatosha: imani (2:14-26), maombi (1:2-8 pamoja na 4:1-3), ulimi (3:1-12), kisha kuombeana (5:13-20). Fungu moja lisizidi sana aya kumi na mbili. Lisomwe mara mbili na wasomaji tofauti, ikiwezekana mara moja katika tafsiri ya Biblia ya Union Version na mara ya pili katika ile ya Habari Njema, kwa sababu Kiswahili cha Union kinawachanganya baadhi ya vijana wa leo. Kundi likizidi watu kumi na wawili, ligawanywe. Wakiwa arobaini kwenye benchi, wanazungumza walewale watatu.

Anza na imani, maana hapo ndipo mambo huharibika mapema. Vijana waliopita darasa la kipaimara watauliza: mbona Waefeso 2:8-9 inasema tumeokolewa kwa neema, si kwa matendo, na Yakobo anasema imani pasipo matendo imekufa? Swali hilo lisizimwe. Martin Luther mwenyewe, katika dibaji yake ya Agano Jipya ya mwaka 1522, aliuita waraka huu wa majani makavu, yaani usio na uzito, kwa hiyo kijana anayeuliza hana utovu wa imani. Jibu linapatikana kwa Abrahamu. Paulo katika Warumi 4 anashika Mwanzo 15, pale Abrahamu anapoamini ahadi na kuhesabiwa haki. Yakobo anashika Mwanzo 22, miaka mingi baadaye, Isaka akiwa madhabahuni. Mmoja anaeleza jinsi mtu anavyopokelewa na Mungu, mwingine jinsi imani hiyo inavyojulikana kuwa hai. Waefeso 2:10 inamalizia: tuliumbwa katika Kristo tutende matendo mema.

Halafu rudi 2:15-16, maana mfano wa kwanza wa Yakobo wa imani iliyokufa ni sentensi. Ndugu hana nguo wala riziki ya siku, na mwamini anamwambia aende kwa amani, akaote moto na kushiba. Maneno mazuri, mkono mtupu. Waulize vijana sentensi hiyo leo inasemwaje. Watataja wenyewe "pole, tutakuombea" anayoambiwa mwenzao aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya michango ya shule, na watu wakaendelea na mazoezi ya kwaya. Hapo imani na ulimi vimeshakutana kabla hujafika sura ya tatu.

Kwenye maombi, kosa kubwa ni kulisoma neno la 1:6, aombe kwa imani bila shaka, bila aya zinazolitangulia. Kinachoahidiwa katika 1:5 ni hekima, na mazingira yake ni majaribu (1:2-4). Aya hiyo haisemi kwamba kila atakayeamini atapata alama anazotaka kidato cha nne. Kijana aliyefeli akiambiwa hakuwa na imani ya kutosha, anabebeshwa mzigo ambao Yakobo hakumtwika, na wengine huliacha kanisa kwa jambo hilo hilo. Vivyo hivyo fundisho la "kutamka" mafanikio, kwamba ukilitaja jambo kwa ujasiri lazima litokee. Yakobo 4:13-15 inamkatiza mtu anayetangaza biashara na faida ya mwaka kesho, na kumfundisha kusema: Bwana akipenda. Hatamu ya ulimi inagusa hata maneno ya kiroho.

Kipindi cha ulimi kiende polepole zaidi. Mpe kila mmoja karatasi ndogo, aandike sentensi moja aliyosema au kuituma kwa simu wiki ile kumhusu mtu asiyekuwepo. Haisomwi kwa mtu yeyote na haikusanywi. Sema hivyo mwanzoni, la sivyo wataandika uongo. Kisha someni 3:9-10 taratibu: kwa ulimi huohuo twamhimidi Mungu na kuwalaani watu waliofanywa kwa mfano wa Mungu. Kila mmoja aitazame karatasi yake na kujiuliza: ni kweli? Mhusika angekuwepo ningesema hivi? Nimemwambia yeye mwenyewe? Dakika mbili za kimya, halafu karatasi zichanwe na wenyewe. Kusambaza ujumbe au picha ya mazungumzo ya mtu kwenye kundi la WhatsApp kuhesabiwe kuwa ni kusema, hata kama hukuandika neno lako. Na kwa kuwa 3:8 inasema hakuna awezaye kuufuga ulimi, usimalizie kwa kuwaapisha kwamba hawatasengenya tena. Malizia kwa ombi, ambalo litawapeleka kwenye kipindi cha nne.

Hapo kuna mtego ambao haukemewi vya kutosha: umbea unaovaa joho la maombi. "Tumwombee dada fulani, nasikia ana mimba." Amina inasikika, na kabla ya jioni mtaa mzima unajua. Angalia 5:14: mgonjwa mwenyewe ndiye anayewaita wazee wa kanisa. Chukua kanuni hapo hapo, kwamba hoja ya maombi inatolewa na mwenye hoja, au kwa ruhusa yake. Asiyekuwepo anaombewa kwa jina tu, bila maelezo.

Aya ya 5:16, ungamaneni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, isitumiwe kumlazimisha kijana kuungama mbele ya kundi. Waombe wawili wawili, msichana na msichana, mvulana na mvulana, mahali wanapoonekana na wengine, sentensi moja au mbili kila mmoja kwa asiyezoea. Kiongozi naye asiahidi kutunza siri ya kila kitu. Anayeweza kuanza kueleza kwamba anapigwa vibaya au anaingiliwa na mtu mzima anahitaji msaada zaidi ya ombi. Aambiwe mapema kwamba jambo la hatari litafikishwa panapostahili: ofisi ya ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto polisi, au namba 116, simu ya msaada kwa mtoto inayopatikana bure Tanzania na Kenya. Akipewa "tutakuombea" peke yake, tumerudi 2:16.