Nyumba za Mbao: Tuiteni Kabla ya Kumwaga Zege

Tangu Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024 zianze kutumika nchini Kenya tarehe 1 Machi 2025, zikichukua nafasi ya zile za 1968, malalamiko ya wenye nyumba ndogo za mbao yamekuwa yakifika kwenye meza yetu ya ukaguzi wa majengo. Mtu amenunua mbao nzuri, amemlipa fundi, nyumba ya wageni yenye umbo la A imesimama na picha zake zimeshasambaa. Anapokuja kuomba cheti cha ukaaji, anaambiwa subiri. Kinachomkwamisha mara nyingi kiko chini ya goti, pale nguzo ya mbao inapokutana na msingi: kishikizo, yaani chuma kinachoifunga nguzo kwenye zege. Tunamkwamisha kwa sababu moja: zege likishamwagwa, hatuwezi kuona kilichomo ndani yake, na hatuwezi kutia sahihi tusichokiona.

Kishikizo ninachozungumzia ni bamba la chuma la umbo la U, lenye masikio mawili yanayokumbatia nguzo, na chini yake nondo au bolti inayozama ndani ya kiguzo, yaani nguzo fupi ya zege iliyo msingi wa nguzo ya mbao. Kazi yake ya kwanza ni kuinua mbao isiguse zege. Zege lililo ardhini hunyonya unyevu, na ncha ya mbao iliyokatwa huuvuta unyevu huo juu kama utambi unavyovuta mafuta. Mwanya wa milimita 25 unatosha kuikata njia hiyo, ilimradi uso wa kiguzo uwe juu ya ardhi kwa milimita 150 au zaidi, na uwe na mteremko kidogo ili maji ya mvua yasituame. Mwanya huo pia humlazimisha mchwa kujenga njia yake ya udongo kwa nje, mahali ambapo mwenye nyumba ataiona na kuivunja mapema.

Kazi ya pili ni kuizuia nyumba isiinuliwe na upepo. Watu huufikiria uzito unaoshuka tu. Nyumba ya mbao yenye paa la mabati ni nyepesi, na ikiwa juu ya viguzo upepo huingia hata chini ya sakafu. Kiguzo cha kipenyo cha milimita 300 na kina cha milimita 900 kina zege la takriban kilo 150. Uzito huo haumsaidii mtu yeyote ikiwa nguzo imekalia kiguzo bila kufungwa.

Fikra inayotusumbua zaidi ni ya kusimamisha nguzo ndani ya shimo na kuimwagia zege pande zote, eti ndivyo inavyokuwa imara. Mbao hukauka na kusinyaa. Ufa mwembamba hubaki kati yake na zege, maji huingia humo na hayana pa kutokea. Nguzo huozea hapo hapo usawa wa ardhi huku sehemu ya juu ikionekana nzima. Kuipaka mafuta machafu ya injini hakubadilishi lolote: mafuta hayo hubaki juu juu, hayapenyi ndani, na yanachafua udongo na maji ya kisima. Tumelisema hili kwenye mabaraza ya machifu, tumelisema redioni, na bado tunakuta nguzo nyeusi zimezikwa kwenye zege. Mbao iliyotiwa dawa kiwandani kwa shinikizo ni bora zaidi, lakini ukiikata, sehemu ya ndani ambayo dawa haikufika huwa wazi. Pakeni dawa ya mbao kwenye ncha hiyo, na bado msiizike.

Wapo pia wanaokiamini kishikizo kupita uwezo wake. Kishikizo cha kawaida hakizuii nguzo kuyumba. Kinaishika mguuni tu. Ukiisukuma nguzo ndefu kwa juu, masikio yatapinda au bolti zitaipasua mbao. Kuyumba huzuiwa na mbao za mshazari zinazounganisha nguzo na boriti, kwa upande wa urefu wa nyumba na wa upana pia. Mchoro usioonyesha mishazari hiyo kwa nyumba iliyoinuliwa tutaurudisha, hata kama vishikizo vyake ni vya bei ghali.

Kuhusu kuchimba na kupanga uzi sitasema mengi. Fundi yeyote anayefaa anajua kuhakikisha vipimo viwili vya kutoka kona hadi kona ya mkabala vinalingana. Ila udongo mweusi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua, usimwachie fundi auamulie peke yake. Udongo huo hukishika kiguzo ubavuni na kukinyanyua, kisha hukiachia, na viguzo viwili vya nyumba moja havinyanyuki sawasawa. Kina cha shimo hapo kiamuliwe na mhandisi baada ya kuona udongo wenyewe.

Sasa kazi yenyewe. Kwa mchanganyiko wa ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, viguzo 12 vya kipimo nilichotaja havifikii mita moja ya ujazo, na mifuko sita ya kilo 50 inatosha. Hakuna sababu ya kubania saruji hapa, wala ya kuongeza maji ili koleo liteleze. Maji yaliyozidi huacha vitundu zege likikauka.

Kila kitu kiwe tayari kabla ya kuchanganya: vishikizo, uzi uliokazwa juu ya mstari wa nguzo, pima maji, na ubao wa kulaza juu ya kila fomu (umbo la kumwagia zege la kiguzo) wenye tundu au alama ya kukishika kishikizo mahali pake. Mwaga zege, lishindilie kwa nondo mpaka mapovu yaishe. Kisha zamisha mguu wa kishikizo ukiutikisa kidogo kidogo, na ushindilie tena kuuzunguka, kwa sababu kuuzamisha huacha uwazi pembeni mwake. Panga masikio yafuate uzi. Pima wima kwa pande mbili. Usawa wa kiguzo kimoja na kingine upimwe kwa mpira wa maji. Jicho halitoshi kwenye shamba lenye mteremko. Halafu ondokeni, msikiguse. Kosa tunalolikuta mara kwa mara ni la fundi anayerudi asubuhi, anaona kishikizo kimekaa upande, na anakirekebisha kwa nyundo. Zege changa lililoanza kushika likitikiswa halishiki tena chuma kile. Kikikaa upande, mwambieni mhandisi. Funikeni viguzo kwa magunia na mviloweshe kwa siku saba.

Njia nyingine ni kumwaga viguzo vitupu, kisha kutoboa na kufunga kishikizo kwa bolti. Inampa fundi nafasi ya kunyoosha mstari, nasi hatuna pingamizi nayo, mradi mchoro umeionyesha. Subirini angalau siku saba kabla ya kutoboa. Tundu lisiwe karibu na ukingo, hasa kwa bolti za kutanuka, kwa kuwa hulisukuma zege kuelekea nje na kulipasua. Vumbi lote lipulizwe litoke. Bolti iliyokazwa ndani ya vumbi hushika vumbi.

Vishikizo vinavyochomelewa na mafundi wa jua kali tunavikubali, vikiwa vya bamba la unene ulioandikwa kwenye mchoro. Uchomeleaji uishe kwanza, ndipo chuma kichovywe kwenye zinki iliyoyeyushwa. Kuchomelea chuma ambacho tayari kina zinki huunguza kinga ile na kutoa moshi wenye sumu. Rangi peke yake haitoshi, kwani ile dawa ya kijani inayotiwa mbao kiwandani ina shaba, na shaba hula chuma kinachogusana nayo kwenye unyevu. Kwa wanaojenga karibu na bahari, Kilifi au Diani, chumvi ya hewani huimaliza zinki mapema. Huko shaurianeni na mhandisi kuhusu chuma cha pua cha daraja la 316, pamoja na bolti na nati za aina hiyo hiyo. Nguzo ifungwe kwa bolti zinazopenya upande hadi upande, zenye washa. Misumari haikubaliki.

Upande wa kibali, tafadhali someni kwa makini, maana hapa ndipo wengi hujiingiza matatani bila sababu. Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inahitaji kibali cha uendelezaji kabla ya ujenzi kuanza. Hoja kwamba nyumba ya mbao si jengo, au kwamba ni ya muda, haina nguvu mbele yetu, na tungependa isiletwe tena. Anayeanza bila kibali anatenda kosa, na mahakama ikimpata na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Ombi huletwa pamoja na michoro ya usanifu na ya uhandisi iliyotiwa sahihi na wataalamu waliosajiliwa, na hati za ardhi. Ombi likikataliwa, mwombaji ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za upangaji wa ardhi. Siku 60 zikipita bila jibu la maandishi, sheria inachukulia kuwa kibali kimetolewa. Hata hivyo tunashauri mwombaji aje aulize kabla ya kuchimba, kwa sababu hesabu ya siku hizo huleta mgogoro ikiwa ombi halikuwa kamili. Mradi pia usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Ukipewa notisi ya utekelezaji, isome yote: inataja kosa, marekebisho na muda. Rufaa dhidi yake nayo ni ndani ya siku 14. Kuipuuza ni kosa jingine linalojitegemea, lenye adhabu yake.

Ofisi yetu inaomba taarifa siku mbili za kazi kabla ya kumwaga. Mkaguzi ataangalia mashimo yakiwa wazi, nondo zikiwa zimefungwa, na vishikizo vikiwa pembeni tayari. Michoro iliyoidhinishwa iwe hapo hapo kwenye eneo la ujenzi, na fundi mkuu awepo mwenyewe. Ikiwa mkaguzi amechelewa, pigeni simu ofisini. Msimwage kwa hasira, kwa kuwa tutakaporudi njia pekee ya kuthibitisha itakuwa kuchimba ubavuni mwa kiguzo kwa gharama yenu.

Kwa waliokwisha kujenga na nguzo zao ziko ndani ya zege, njooni kabla hatujaja. Si lazima nyumba ibomolewe. Mhandisi akiridhika na viguzo, boriti huegemezwa kwa jeki, nguzo hukatwa juu ya zege, na kipande kilichozikwa hutolewa na shimo lake kujazwa zege. Likishakomaa, kishikizo cha bolti hufungwa juu yake. Nguzo hufanywa moja moja, na haziguswi mbili zinazofuatana kwa wakati mmoja. Kazi hiyo nayo ina mchoro wake na taarifa yake ya siku mbili, na mwenye nyumba hapaswi kulala ndani mpaka nguzo ya mwisho ifungwe na mkaguzi aione.