Fomu ya baipola: alichojaza kaka na alichojaza mama

Kaka yangu alijaza ile fomu ya maswali ya baipola, ugonjwa wa akili ambao mtu hisia na nguvu zinapanda kupita kiasi na vipindi vingine zinashuka sana, kwa dakika kama tano, akaweka "hapana" karibu kila mahali, mama kakaa pembeni kwenye benchi anajaza ya kwake kuhusu huyo kaka taratibu, na karibu zote kaweka "ndiyo". Hadi leo kuna ndugu wanasema hiyo inaonyesha fomu zenyewe hazina maana. Ndo maana naandika, maana yanayosemwa kuhusu hizi fomu mengi sio kweli na yanatuumiza sisi wenye wagonjwa.

La kwanza, eti ndiyo zikiwa nyingi basi tayari una baipola. Hapana jamani. Fomu ni chujio tu, ugonjwa anausema daktari baada ya kukaa na mtu akamsikiliza. Inayotumika sana inaitwa MDQ (Mood Disorder Questionnaire), ilitolewa mwaka 2000 na daktari Robert Hirschfeld na wenzake huko Marekani, ina maswali 13, mfano kama kuna kipindi ulilala kidogo sana na wala hukuchoka, au uliongea mbio kuliko kawaida yako, au ulitumia hela mpaka ikaleta matatizo nyumbani. Watu wakifikisha ndiyo 7 wanaishia hapo, wakati mwishoni kuna maswali mengine mawili na ndo yenye uzito: hayo mambo yalitokea kipindi kimoja? Na yalikuletea shida kiasi gani? Kukosa usingizi mwaka juzi na kugombana na bosi mwaka huu havijumlishwi pamoja.

Ilivyopimwa mara ya kwanza kwenye kliniki za magonjwa ya akili ilikamata watu 73 katika kila 100 wenye baipola, na katika kila 100 wasio nayo ikawahesabu 10 kimakosa. Unaweza kuona ni nzuri tu, ila chukua watu 1000 ambao wenye ugonjwa ni 20, fomu itakamata kama 15 halafu itawagusa na wengine 98 ambao hawana. Hao 98 wanaweza kuwa na shida nyingine kabisa, pombe, bangi, majeraha ya kihisia ya zamani, hata tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Na ukipata ndiyo chache pia usishangilie, maana walipoipeleka mtaani kwa watu wa kawaida ikawakosa wengi wenye ugonjwa.

Sasa hili ndo linaniuma zaidi, "mgonjwa ndo anajijua, ndugu wa nini". Mtu akiwa amepanda anajiona mzima kuliko siku zote! Na kwa Kiswahili chetu kuchangamka ni sifa, kwahiyo ukimuuliza mtu kama amechangamka kupita kiasi anaona unamsifia, au anaona unamsingizia. Kaka kwenye swali la usingizi aliweka hapana. Mama aliweka ndiyo kwa sababu aliamka saa nane usiku akamkuta anapaka rangi sebule, makochi yote kayatoa nje, anaimba, na huo ulikuwa usiku wa nne. Daktari aliziweka fomu mbili pamoja mezani akamuuliza kaka taratibu, ile wiki ya rangi ulikuwa unalala saa ngapi? Kaka akanyamaza kidogo akasema, "Nilikuwa nalala, ila masaa mawili yalinitosha." Hiyo sentensi isingetoka bila fomu ya mama.

Lakini tusijidanganye kwamba mlezi anaona yote. Mama mwenyewe alikuwa hajalala vizuri siku nyingi na alikuwa na hasira, na mlezi aliyechoka anaweza kuona kila kitu ni ugonjwa. Halafu kuna jambo mama hakulijua kabisa: kaka alimwambia daktari kwamba miezi ya nyuma alikuwa anatamani asiamke, sisi tulidhani anajitenga tu. Kwa watoto nako tafiti zimeonyesha majibu ya mzazi yanasaidia kuliko ya mwalimu au ya mtoto mwenyewe, ila mtoto bado anaulizwa.

Na wale wanaosema "yeye ana sonona tu, maswali ya kupanda ya nini", yaani huzuni nzito ya kushuka peke yake. Wengi wenye baipola wanaenda hospitali wakiwa wameshuka, hakuna anayeenda kulalamika kwamba ana nguvu sana. Akiandikiwa dawa za sonona peke yake, kuna wanaopanda vibaya. Kwahiyo kama ndugu yako anatibiwa sonona na mnakumbuka kipindi alikesha siku kadhaa bila kuchoka, mwambieni daktari hata kama hajauliza, mkitaja na mwezi itasaidia zaidi. Na dawa asiziache mwenyewe kwa sababu ya nilichoandika hapa, aende nayo hiyo habari kliniki kwanza.