Uchafuzi wa chuma kwenye stenlesi ni nini?

Reli ya ngazi ya stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, ikianza kutoa madoa ya kahawia ingali mpya, mwenye nyumba humrukia fundi: umeniwekea feki. Mara nyingi si feki. Kilichoshika kutu ni chembe za chuma cheusi, kile cha kawaida, zilizoganda juu ya stenlesi wakati wa kazi. Huo ndio uchafuzi wa chuma.

Stenlesi hujilinda kwa kromiamu, metali iliyochanganywa ndani yake, isiyopungua asilimia 10.5; aina ya 304 inayotumika sana ina kama asilimia 18. Kromiamu ikikutana na hewa hujenga utando wa nanomita chache tu, usioonekana kwa macho. Ukikwaruzwa, hujiziba wenyewe, mradi hewa ifike. Chembe ya chuma cheusi ikishindiliwa hapo inaizuia hewa hiyo, halafu inapata unyevu na kuoza. Penye chumvi, kama Mombasa au Tanga, kutu hiyo inaweza kuacha vishimo kwenye stenlesi yenyewe.

Chembe hizo hutoka wapi? Karakana zetu nyingi ni za mchanganyiko: huyu anakata geti la chuma cheusi, yule pembeni anachomelea sinki. Cheche za grainda ni vipande vya chuma cha moto, navyo hutua popote. Diski iliyogusa chuma cheusi jana, leo inakisugua ndani ya stenlesi. Brashi ya waya wa kawaida ndiyo mbaya kuliko zote, maana fundi anadhani anasafisha.

Kwa hiyo diski na brashi za stenlesi ziwe zake peke yake, zipakwe rangi zisichanganywe, na brashi iwe ya nyaya za stenlesi. Meza ya chuma itandikwe mbao au mpira, na minyororo ya kunyanyulia isiguse bati la stenlesi moja kwa moja. Kukata chuma cheusi kufanyike mbali, au angalau stenlesi ifunikwe.

Una shaka? Lowesha kazi kwa maji safi, iache ikauke, rudia, kisha itazame kesho yake. Doa la kahawia likitokea, huondolewa kwa asidi ya sitriki, au ile kali ya nitriki ambayo haishikwi bila glavu na miwani, kisha maji mengi. Usilisugue kwa stilwulu: hiyo nayo ni chuma cha kawaida, na ndiyo inayoacha vidoa vya kutu kwenye sinki nyingi za jikoni.