Kwa nini wasomaji wa Dune hukaa roho juu kila filamu yake inapotangazwa?

Je, wajua kwamba mwaka 1984, katika baadhi ya kumbi za sinema za Marekani, watu waliokwenda kutazama filamu ya Dune walipewa mlangoni karatasi yenye maana za maneno ya hadithi hiyo? Wenye filamu walihofia kuwa mtazamaji angepotea njiani. Waliokuwa wamesoma riwaya hawakuihitaji karatasi hiyo, na bado wengi wao walitoka wamenuna.

Dune ni riwaya ya Mmarekani Frank Herbert, iliyotoka kama kitabu mwaka 1965 baada ya kukataliwa na wachapishaji zaidi ya ishirini. Aliyeikubali mwishowe alikuwa anajulikana zaidi kwa vitabu vya kutengeneza magari. Mambo yanatokea kwenye Arrakis, sayari ya jangwa tupu, mahali pekee panapopatikana melange, kiungo ambacho bila hicho vyombo haviwezi kusafiri salama kati ya nyota. Kijana Paul Atreides anaangamiziwa ukoo, anakimbilia kwa Fremen, watu wa jangwani, nao wanamwona ndiye Mahdi waliyemngojea.

Ukiisoma juu juu ni hadithi ya stelingi tunayemjua wote: kaonewa, baba kauawa, anarudi kulipa kisasi. Herbert alikusudia kinyume chake. Utabiri ule ulipandikizwa makusudi na shirika la wanawake wenye siri zao, Bene Gesserit, ili siku mmoja wao akihitaji kujiokoa autumie. Paul analijua hilo. Anaona katika maono yake vita vitakavyopiganwa kwa jina lake, anatafuta pa kuchepukia, hapaoni. Kitabu kinamtahadharisha msomaji dhidi ya stelingi mwenyewe. Hofu za mashabiki nyingi zinaanzia hapo: je, mwongozaji ameliona hili, au ameona kisasi tu na minyoo wakubwa wa jangwani ambao Fremen huwapanda?

Liko pia tatizo la muda. Wenye fani huhesabu ukurasa mmoja wa skripti kuwa kama dakika moja ya filamu, kwa hiyo filamu ya saa mbili ni kurasa 120 hivi, tena zenye nafasi nyingi nyeupe. Dune ina mamia ya kurasa zilizojaa maandishi, na sehemu kubwa yake haitokei nje bali vichwani mwa watu. Kuna karamu moja mwanzoni ambapo kila mgeni anasema lake, anawaza lingine, na anapima mawazo ya aliyekaa mbele yake. Kamera itapiga nini pale? Watu wanakula.

Katikati ya miaka ya 1970, mwongozaji Alejandro Jodorowsky aliamua kwamba dawa ni kuirefusha filamu, akizungumzia saa kumi na zaidi. Alimtaka Salvador Dalí awe Mfalme Mkuu, Orson Welles awe Baron, adui mkuu wa ukoo wa Paul, na Pink Floyd wapige muziki. Pesa hazikupatikana, filamu haikupigwa, ingawa baadhi ya wasanii wake, akiwemo mchoraji H. R. Giger, walikwenda kuitengeneza filamu ya Alien ya mwaka 1979. Dune hiyo isiyopigwa ni filamu ambayo mashabiki wanaipenda sana, labda kwa sababu haikupata nafasi ya kuwaudhi.

David Lynch ndiye aliyeimaliza ya kwanza, ile ya 1984, dakika 137 kwa kitabu kizima. Mawazo ya wahusika aliyafanya minong'ono: mtu anakodoa macho, sauti yake inasikika ikiwaza. Nusu ya pili inakimbia kama basi lililochelewa stendi. Lakini kinachotajwa mpaka leo ni dakika za mwisho. Paul ameshinda, na mara mvua inanyesha Arrakis.

Kwa asiyesoma kitabu, hiyo ni heri: jangwa limepata maji. Kwa msomaji ni balaa. Katika riwaya, maji ni sumu kwa wale minyoo, na minyoo ndio chanzo cha melange. Mvua ikinyesha sayari nzima minyoo wanakufa, melange inakwisha, safari za nyota zinasimama, na himaya ambayo Paul ametoka kuitwaa inaporomoka. Fremen wenyewe wana ndoto ya kuotesha majani Arrakis, lakini ni mpango wa vizazi, wa kukusanya umande tone kwa tone, huku jangwa la ndani likiachiwa minyoo. Herbert hakulitoa hilo hewani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa Florence, Oregon, akifuatilia mradi wa serikali wa kuzuia vilima vya mchanga kwa kupanda nyasi, na riwaya ikachipukia hapo. Aliyapenda mengi katika filamu ya Lynch, ila mvua ile hakuikubali. Paul, kwake, ni mtu anayejifanya mungu, siyo mungu wa kuteremsha mvua.

Lynch naye hakuwa na kauli ya mwisho juu ya uhariri. Toleo refu la televisheni lilipotoka miaka michache baadaye, aliondoa jina lake.

Kwa hiyo mwaka 2021, zamu ya Denis Villeneuve ilipofika, waliokuwa na kumbukumbu walikaa mkao wa kuumizwa. Zaidi ya hayo, alikuwa ametengeneza nusu tu ya kitabu na idhini ya kupiga nusu ya pili alikuwa hana. Nchini Marekani filamu ikatoka sinema na kwenye HBO Max, huduma ya kutazama filamu mtandaoni, siku hiyohiyo. Ingefeli sokoni, Paul angebaki jangwani milele. Habari ya sehemu ya pili ilitangazwa siku chache tu baada ya filamu kuingia sinema Marekani.

Mimi naona kuna tukio moja lililowatuliza wasomaji mapema. Stilgar, kiongozi wa Fremen, anaingia mbele ya baba yake Paul, Duke Leto, na kutema mate mezani. Walinzi wanataka kumvaa. Duncan Idaho, aliyekwisha kuishi na Fremen, anawazuia, anamshukuru Stilgar kwa zawadi ya maji ya mwili wake, kisha naye anatema. Duke anafuata. Mahali ambapo hata maji ya maiti hukamuliwa yasipotee, kutema mate mbele ya mtu ni kumpa kitu cha thamani. Hakuna msimulizi, hakuna karatasi ya mlangoni, na kila mtu ukumbini ameelewa. Karamu iliachwa kabisa, na wapo ambao hawajamsamehe Villeneuve.

Malalamiko mengine yana uzito wake. Hadithi imejaa Uarabu na Uislamu, na jangwa lake lilipigwa Jordan na Abu Dhabi, lakini neno jihadi, ambalo kitabu hulitumia mara kwa mara, kwenye filamu limegeuka vita vitakatifu, na waigizaji wakuu wenye asili ya huko ni wa kuhesabu. Aliyepita madrasa Unguja au Mombasa anaitambua misamiati ya Fremen haraka kuliko wengi waliokuwa wakiitamka kwenye skrini.

Sehemu ya pili, ya mwaka 2024, ndiyo iliyowagawa wasomaji hasa. Kitabuni, dada yake Paul, Alia, anazaliwa akiwa na akili ya mtu mzima na ndiye anayemuua Baron. Filamuni bado yumo tumboni, na Baron anauawa na Paul. Chani, mpenzi wa Paul, kitabuni anasimama naye mpaka mwisho. Villeneuve amemfanya mtu asiyeamini utabiri, anayesema wazi kuwa unawatia watu wake utumwani, na mwishoni anaondoka. Wengine waliliita kosa. Mimi namuunga mkono Villeneuve. Tahadhari iliyokuwa imefichwa kichwani mwa Paul ilihitaji mdomo, naye akaupata kwa Chani. Lynch aliyabakiza mawazo mengi ya Paul kama yalivyo, kisha mvua moja ikayafuta.

Sasa roho ziko juu tena. Filamu ya tatu, iliyopangwa kutoka Desemba 2026, inatoka kwenye Dune Messiah ya mwaka 1969, kitabu ambamo vita vya Paul vimeshaua watu bilioni 61 na Chani bado yuko naye, akitamani kumzalia mrithi. Kwenye filamu tulimwacha peke yake mchangani, akimngoja mnyoo aje ampande aondoke, na Villeneuve bado hajatuonyesha atamrudishaje.