Masters ya onlaini kwa walimu wa historia, jiografia na uraia: omba orodha ya kozi kwanza

Walimu wengi wanaokuja kuomba ushauri kuhusu masters ya onlaini wana maswali mawili tu, ada ni shilingi ngapi na inachukua muda gani. Nawaelewa, hela ni ngumu na muda hautoshi. Ila mwalimu, hasa wewe unayefundisha historia, jiografia, uraia au maarifa ya jamii, kabla hujauliza bei omba orodha ya kozi zote, semesta kwa semesta, uisome mwenyewe.

Nasema hivi kwa sababu jina la digrii halikwambii mengi. Masters ya elimu inaweza kuwa ya uongozi na mipango, ya mitaala, ya saikolojia, na zote zinafaa kwa anayezihitaji, lakini kama lengo lako ni kurudi darasani ufundishe vizuri zaidi alafu ukatumia miaka miwili kusoma sera na bajeti za shule, cheti utakipata ila Form Three wako watabaki wanakariri tarehe vilevile. Programu inayojali masomo yetu inajulikana kwa kozi zake: kufundisha historia kwa kutumia vyanzo, kusoma ramani na takwimu, kuendesha mjadala wa mambo yanayogawanya watu bila darasa kuvurugika, kutunga mtihani unaopima uelewa na sio kukariri. Na kuwe na kozi za somo lenyewe pia, maana mbinu bila maarifa ya somo hazikufikishi mbali.

Chukua Vita vya Maji Maji, 1905 mpaka 1907. Kuna ripoti za maofisa wa Kijerumani, na kuna simulizi za wazee ambazo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kuzikusanya vijijini mwaka 1968. Masters nzuri itakupa kazi ya kuchukua kipande kimoja kutoka kila upande, uwape wanafunzi wako hapohapo shuleni kwako, uwaulize huyu aliyesema hivi alikuwa nani, alikuwa wapi, alitaka msomaji aamini nini, mbona huyu anaongelea dhuluma ya kulimishwa pamba na yule anaongelea ushirikina tu, alafu unarudi kwenye kozi na madaftari yao unaonyesha walipokwama na wewe ulifanya nini. Hapa ndipo onlaini inamfaa mwalimu kuliko kwenda kukaa chuoni, kwa sababu unasoma huku una wanafunzi mbele yako kila siku. Na sasa hivi mtaala ulioanza kutumika 2024 umetuletea Historia ya Tanzania na Maadili, somo ambalo ukilifundisha kwa kusomesha notisi tu utaliua. Kama kwenye programu nzima hakuna hata kazi moja inayokurudisha kwa wanafunzi wako, mimi nisingeichagua.

Suala la kutambulika halina mjadala. Mamlaka inayosimamia vyuo vikuu Tanzania ni TCU, Kenya ni CUE, Uganda ni NCHE, na kama chuo ni cha nje waulize hao kabla hujalipa hata ada ya fomu, usisubiri mpaka umemaliza. Marekani kwa mfano serikali yenyewe haitoi ithibati kwa vyuo, inatolewa na mashirika ambayo serikali imeyakubali, kwa hiyo tafuta jina la shirika alafu hakikisha nalo linatambuliwa, maana hata mashirika feki ya ithibati yapo. Mwaka 2015 gazeti la The New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Pakistani, ilikuwa inauza digrii kwa tovuti kibao za vyuo visivyokuwepo. Ukiambiwa uzoefu wako wa kazi peke yake unatosha kukupa masters, ondoka hapo.

Kwa walioko Marekani wanaotaka kufundisha hukohuko, leseni ya ualimu inatolewa na jimbo, na sio kila masters inakupa leseni. Uliza jimbo lako kwa jina.

Alafu angalia saa. Kipindi cha moja kwa moja kinachoanza saa moja usiku New York kwako Tabora ni saa nane au saa tisa usiku, na asubuhi una kipindi cha kwanza. Uliza vipindi vinarekodiwa au lazima uwepo, na kama video zinaweza kudaunlodiwa ukipata Wi-Fi ili bando lisikumalize. Kama mtandao kwenu ni wa kubahatisha, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kiliundwa kwa sheria ya 1992, kina vituo mikoani, na kuwa na ofisi ya kwenda kugonga mlango ni msaada mkubwa.

Walimu wanamaliza kozi vizuri, wanakuja kukwama kwenye utafiti. Kwa hiyo muandikie mratibu wa programu umuulize supavaiza wa historia au jiografia yupo, ana wanafunzi wangapi kwa sasa, akipelekewa sura moja anairudisha baada ya muda gani, na ukichelewa kumaliza unalipishwa ada ya mwaka mzima au ya semesta. Omba akujibu kwa maandishi, na barua hiyo itunze pamoja na risiti zako.